Mkebe wa Kocha

Mtayarishaji aliposema anatafuta mtu wa Eastlands, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa nimehama Jericho miaka 11 iliyopita, lakini hilo hakuniuliza nami sikuona haja ya kumchosha. Nilizaliwa pale, nikachapwa pale, na kovu la goti langu la kushoto nililipata uwanja wa Camp Toyoyo nikikimbilia mpira ambao haukuwa wangu. Nikamwambia, "Mimi ni mwenyeji. Jericho mzima wananijua."

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la sabuni ya unga, sekunde 30. Mama anafua, anaanika shuka nyeupe, anatabasamu. Kamera inaanzia kwenye beseni penye povu, inapaa, inapita juu ya kamba za nguo, inazidi kupaa hadi tuone mapaa yote ya mtaa na shuka zikipepea. Kwenye karatasi hayo yote ni mistari miwili. Huko kupaa ndiko kulikotuletea kreni.

Najua utauliza kwa nini wasirushe droni. Mimi pia niliuliza. Nikakumbushwa kwamba Jericho na kambi ya jeshi la anga ya Moi, pale Eastleigh, ni majirani, na kwamba kitu kidogo chenye kamera kinachonguruma karibu na uzio wa wanajeshi hakitafsiriwi kama tangazo la sabuni. Basi tukakubaliana kubaki ardhini, na chuma.

Kreni ya sinema si ile ya kuinua kokoto ghorofani. Ni pembea ya ubao, ile ya watoto wawili, isipokuwa mtoto mmoja amekaa mbali sana. Yetu ilikuwa na mkono wa mita 6 mbele ya mhimili na mita moja na nusu tu nyuma. Maana yake ni kwamba kila kilo inayokaa mbele inadai kilo nne nyuma, na haidai kwa heshima. Kamera yenyewe ilikuwa ARRI Alexa, aina iliyoingia sokoni mwaka 2010, na mwili wake mtupu una kilo 6 na kitu, sawa na kuku watatu wa kienyeji walionona. Ukiongeza lenzi, betri, na kile kichwa cha mota kinachoigeuza kwa rimoti, kuku wanakuwa kumi. Kuku kumi mbele, arobaini nyuma, na hapo hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Wale arobaini kwa kawaida ni sahani za chuma, nzito, zenye tundu katikati.

Sahani zetu zilikuwa stoo, upande ule mwingine wa jiji. Zilikuwa zimepangwa vizuri sana kando ya mlango, ili zisisahaulike.

Tuligundua saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hapa Nairobi, jirani kabisa na ikweta, jua halina mambo ya kuchungulia. Linapanda wima kama lifti. Ile nuru laini ya asali ambayo waongozaji huililia hudumu kama saa moja, halafu basi, kila pua inakuwa na kivuli chake. Kumtuma mtu stoo na kumtarajia arudi kwa Jogoo Road asubuhi ya siku ya kazi ni kumpeleka likizo. Mwongozaji akanitazama. Mteja akanitazama. Hata kijana wa kreni, mwembamba, kilo 60 akiwa amelowa, akanitazama.

"Wewe si mwenyeji?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jim ya Kocha.

Kama hujawahi kuona jim ya Eastlands, ni mabati matatu, benchi la mbao lililopakwa jasho la miaka mingi, kioo chenye ufa, na vyuma ambavyo si vyuma. Ni mikebe ya rangi ya lita 4 iliyojazwa zege, na ndani ya zege umechomekwa mpini wa bomba la maji. Mkebe mmoja una kama kilo kumi. Kila kifua kipana unachokiona kikining'inia mlangoni mwa matatu za 58 kimepitia mikebe ya namna hiyo, na hakuna mashine ya Westlands yenye taa za buluu iliyowahi kutoa vifua vya aina ile.

Kocha hakuwepo. Alikuwepo kijana mmoja anapiga pushapu, fulana begani, sura ya mtu mwenye mamlaka. Nikamweleza shida yangu. Akasikiliza kwa makini, akafikiri, akasema hakuna tabu, mia tano. Nikampa. Akanisaidia hata kupakia mikebe yote 12 kwenye mkokoteni, akasukuma mwenyewe hadi kwa kreni, akatutakia kazi njema. Nikajisifu kimoyomoyo. Watu wangu hawa.

Tukafunga mikebe tisa nyuma kwa kamba. Kreni ikatulia kama mizani ya muuza nyama mwaminifu. Mwongozaji akanipiga bega, akaniambia kwamba Lupita Nyong'o alianza hivi hivi, akitumwatumwa kwenye utengenezaji wa The Constant Gardener, filamu iliyopigwa hapa nchini na kutoka mwaka 2005. Ni kweli kabisa. Mwaka 2014 yeye alipewa Oscar. Mimi hapa nilikuwa nimepewa mkokoteni, lakini safari ni hatua.

Shida ya pili ilikuwa maji. Maji ya kanjo huja Jericho kwa siku zake, na siku hiyo haikuwa siku yake, jambo ambalo mwenyeji angelijua. Tukanunua mitungi 20 ya lita 20. Mitungi ilipopangwa tu, foleni ikaota nyuma yake: akina mama na ndoo, watoto na chupa za soda, hata mtu mmoja na gari. Nilitumia dakika kumi na tano kuwaeleza kwamba haya ni maji ya kupigwa picha. Mama mmoja akauliza kwa upole, "Kwani yakipigwa picha yanaisha?" Sikuwa na jibu, na mitungi sita ikaondoka.

Ya tatu ilikuwa Shosho.

Shosho alitoka nyumba ya mwisho na kigoda chake, akakaa pale pale ambapo kamera ilitakiwa kuanzia. Alimtazama mwigizaji wetu, binti mrembo aliyeletwa na teksi kutoka Kilimani, akifua kwa viganja viwili vilivyonyooka.

"Msichana, unafua ama unakanda chapati?"

Binti akacheka, akadhani ni mzaha. Shosho akainuka, akamshika mikono, akamwonyesha: kitambaa juu ya kifundo, sugua, geuza, kamua. Kisha akachovya kidole kwenye povu la beseni, akalinusa. Naomba ieleweke kwamba povu la sabuni ya unga halikai. Linakufa kabla taa haijakaa sawa. Kwa hiyo waliopamba seti walikuwa wametia shampuu. Hii ni siri ya kazi.

"Hii ni shampuu," Shosho akatangaza, kwa sauti ya kusomea barua ya msiba. Foleni nzima ya maji ikasikia. Mteja, aliyevaa fulana yenye jina la sabuni yake, akaanza kuangalia simu iliyokuwa imezimwa.

Hakuishia hapo. Akazikagua shuka kambani ("Hizi hazijafuliwa, bado zina mikunjo ya dukani"), akaivuta kamba yenyewe, akatikisa kichwa. "Hii haiwezi kushika hata soksi." Akaingia ndani, akatoka na kamba ya nailoni nene kama kidole, akaifunga mwenyewe kati ya nguzo mbili kwa fundo ambalo sijawahi kuliona mahali pengine. Kisha akalowesha shuka zote na kuzianika upya, kwa sababu shuka kavu haianikwi. Mwongozaji alitaka kulalamika kwamba shuka zilizolowa hazipepei. Alimtazama Shosho, akabadili mawazo.

Saa moja kasoro kumi tukawa tayari. Mwongozaji akaomba kimya. Sijui alikiomba cha nini, maana tangazo lile lilikuwa liwekewe wimbo studioni na hata maikrofoni hatukuwa nayo, lakini nadhani kuna watu hawawezi kufikiri bila kunyamazisha wengine. Nikatumwa kutafuta kimya. Nilimsihi fundi wa milango asimamishe kuchomelea. Akataka mia mbili. Mhubiri wa asubuhi alikubali bure, lakini akatuombea kwanza, kwa kipaza sauti. Aliyebaki ni yule wa mkokoteni anayenunua vyuma vikuukuu na betri mbovu, ambaye spika yake hucheza rekodi moja bila mwisho. Nilipomwambia tunatengeneza filamu, akaitazama kreni kutoka chini hadi juu na kuniuliza nauza kilo ngapi.

"Kamera... twende!"

Ilikuwa nzuri. Lazima niseme. Mkono ulipanda polepole kutoka kwenye povu, ukapita juu ya shuka, jua likamulika mapaa, na hata wale wa foleni wakasema "aaah" kwa pamoja. Kijana wa kreni alikuwa nyuma amechuchumaa, ameshika mpini, jicho kwenye skrini ndogo. Sote tulikuwa na macho kwenye skrini.

Ndiyo maana hakuna aliyemwona Kocha.

Kocha hufungua jim saa moja. Alikuta benchi, kioo chenye ufa, na alama za matairi ya mkokoteni vumbini. Alizifuata na vijana wake wanne. Hawakupiga kelele, tulikuwa tumebandika karatasi inayosema KIMYA, nao ni watu wenye adabu. Walifika nyuma ya ile mashine, wakaona mali yao imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu, wakaifungua. Kila kijana mikebe miwili, mmoja kila mkono. Kilo 80, kwa mkupuo mmoja.

Hesabu ya pembea haina huruma. Kijana wa kreni, kwa uaminifu ambao sijaona mshahara unaoulipa, hakuachia mpini. Kamera ikaanza kushuka, naye akaanza kupanda. Nyayo zake ziliachana na ardhi taratibu, kama mtu anayenyakuliwa mbinguni bila kuaga, zikaishia futi mbili hewani. Kule mbele wale kuku kumi wakashuka juu ya shuka zilizolowa, wakajifunika, wakaendelea kushuka, na wakasimama. Ile nailoni ya Shosho ilinung'unika, ikapinda hadi karibu na beseni, ikashika. Kamera ilikuwa imelala ndani ya shuka nyeupe kama mtoto mchanga mgongoni mwa mama, taa yake nyekundu ikionekana kwa mbali kupitia kitambaa.

Kimya kilikuja chenyewe, bila mia mbili.

"Nani," Kocha akauliza, "amechukua vitu vyangu?"

Vidole vyote vilinielekea. Hata cha yule aliyekuwa hewani. Alitoa mkono mmoja kwa kazi hiyo. Nikakimbilia faili. Tulikuwa na kila karatasi: leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu chini ya Sura ya 222, risiti ya kaunti, barua ya polisi. Kocha akazipokea kwa mikono miwili, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akilamba kidole.

"Hapa mikebe imeandikwa wapi?"

"Nililipa, Kocha. Mia tano. Nilimpa kijana wako."

"Kijana wangu yupi?"

Nikamweleza: mrefu, fulana begani, anapiga pushapu. Vijana wanne wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka na kuugeuza mcheko kuwa kikohozi.

"Huyo ni wa Maringo," Kocha akasema. "Alikuwa anapita."

Kisha akanitazama vizuri, kichwa upande. "Wewe si ule mtoto wa ploti ya karibu na soko? Uliyevunjia watu dirisha?" Nikakubali. Dirisha lile pia lilikuwa la Jericho, na kwa mara ya kwanza lilinisaidia. "Lakini mlihama," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayesoma mita ya stima, na mteja wa sabuni akasikia, na mtayarishaji akasikia.

Mambo yalimalizwa kwa elfu mbili, mikebe ikarudi kreni hadi saa sita, vijana wanne wakisimama kuilinda. Shosho aliondoka na shuka zote nane. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nuru ya asali ilikuwa imeshakwenda. Tulipiga picha kwenye jua kali, na huko studioni wakabadili anga, wakafuta matangi ya maji na nyaya za stima, wakang'arisha mapaa. Tangazo lilipotoka nilimwonyesha mama yangu. Akalitazama mara mbili, akaniuliza, "Hapo ni wapi?"

Mkebe mmoja ulipata ufa siku ile, ulipoangushwa na mmoja wa walinzi aliyekuwa anapungia kamera. Deni likawa langu, kwa kuwa mwenyeji ni mimi. Jumamosi yake nilikuwa nyuma ya jim, suruali imekunjwa, nakoroga saruji na mchanga kwenye karai huku Kocha amekaa kwenye benchi akiniambia maji ni mengi, sasa ni kidogo, sasa ni mengi. Nilijaza mkebe wa rangi ya krimu, nikachomeka bomba, nikasawazisha juu kwa mwiko. Kabla haijakauka, Kocha akachukua msumari na kuandika neno moja, kwa herufi kubwa.

Nilipita pale mwezi uliopita. Kijana mmoja alikuwa amelala benchini, mishipa imemtoka shingoni, anamwita mwenzake kwa sauti ya mtu anayezama.

"Buda! Nitolee Kamera! Nitolee Kamera!"