Mnunua Sahani Nyeusi

Sekenke si mahali pa kuulizia vitu vya zamani. Dhahabu imechimbwa hapa tangu enzi za Mjerumani, na mwaka 1916, vita ilipombana kila upande, dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopelekwa Tabora ikatengenezewa sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu saba na ushee. Matokeo yake, huku Iramba ni nadra kumpata mzee ambaye hajawahi kufuatwa na mgeni mwenye viatu vinavyong'aa, akanong'onezwa kama ndani hakuna "rupia ya Mjerumani" iliyosahaulika. Kuna watu wamechimbua sakafu zao wenyewe wakitafuta sanduku la babu. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa sekondari mwenye pikipiki na begi mgongoni, nilipoanza kupita nyumba kwa nyumba nikiulizia santuri, watu walinitazama kwa jicho la mtu anayeelewa mafumbo.

"Wewe sema rupia tu, Mwalimu," mzee mmoja aliniambia, akarudishia mlango. "Hapa tuko wenyewe."

Nikamweleza kwamba nataka zile sahani nyeusi za muziki, ndogo, za inchi saba, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Akatikisa kichwa taratibu. Nilipokuwa nawasha pikipiki nilimsikia akimwambia mwanawe, wala hakushusha sauti, kwamba bei ya rupia lazima imepanda sana, maana wanunuzi wameanza kuipa majina ya kuficha.

Nieleze basi ninachokitafuta, huenda maelezo yakamfikia. Kabla kaseti hazijatuvamia, bendi zetu zilitoa nyimbo kwenye santuri hizi ndogo, wimbo mmoja au miwili kwa sahani, na lebo nyingi zilikuwa za wafanyabiashara wa kawaida tu. Mombasa, Assanand alikuwa na lebo ya Mzuri, na huko ndiko Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro walikotolea nyimbo. Nairobi kulikuwa na Equator ya Charles Worrod, nyumbani kwa Fadhili William na Daudi Kabaka. "Helule Helule" ya Kabaka ilivuka bahari, na mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza wakaiimba wakaingia nayo kwenye chati za kwao. Baadaye mtaa wa River Road, hapo hapo Nairobi, ukajaa maprodyuza ambao ofisi, duka na ghala vyote vilikuwa chumba kimoja, na ukikohoa unaharibu rekodi.

Huko Uingereza jambo hilo la kujitolea santuri wenyewe lilikuja kuonekana la ajabu. Januari 1977, Buzzcocks, vijana wa Manchester, walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki wakachapisha wenyewe santuri yao, "Spiral Scratch", nakala 1,000 za kwanza. Hadi leo ujasiri huo unasimuliwa. River Road wangewauliza tu kama hizo nakala 1,000 wanazilipia sasa hivi au wataacha saa ya mkononi.

Bendi za namna hiyo Wazungu huziita za gereji, kwa kuwa vijana walifanyia mazoezi kwenye gereji za baba zao. Sisi gereji hatukuwa nazo kwa sababu ya kukosa cha kuweka humo. Na gitaa lenyewe halikuwa la mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, umoja wa vijana wa chama tawala ulikuwa na bendi. Mpiga solo akigombana na mkuu wake Jumatatu, Jumanne anatafuta bendi nyingine na gitaa lingine. Waliokaribia hiyo gereji ni kina Safari Trippers wa Marijani Rajabu, na Sunburst, vijana wa Dar es Salaam waliochanganya roki, soul na vya kwetu, wakauita mtindo wao Kitoto. Na walifanya hivyo katika jiji ambalo Novemba 1969 wakuu walitangaza marufuku ya soul kwenye kumbi za dansi! Albamu ya Sunburst, "Ave Africa", ilitoka Zambia mwaka 1976, na mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ikazikusanya kazi zao upya. Mimi nazitaka santuri zao ndogo, zile zile za kwanza. Sijazipata. Nimepata mengine.

Kwanza nimepata elimu ya matumizi. Santuri ikiachwa dirishani Sekenke mwezi wa kumi, jua linaikunja kingo na kuku wanapata chombo cha kunywea maji. Ikibaki bapa, inasimama chini ya mguu wa kitanda. Mama mmoja alinitolea santuri tatu zinazometa kuliko siku zilipotoka kiwandani, nikafurahi, mpaka nilipozishika zikaniteleza mkononi: alikuwa amezipaka mafuta ya alizeti ili zinipendeze. Sindano yangu ikazipita zote tatu kwa sauti ya chapati inayogeuzwa.

Safari Trippers niliwakuta kwa broka wa dhahabu, kule kwenye makarasha ya kusagia mawe. Santuri aliipokea kwa mtu aliyeshindwa kulipa deni la zebaki. Broka huyu ni mtu makini, haamini kitu kabla hakijapita mezani kwake, kwa hiyo akaiweka kwenye mizani yake ndogo. Ikasoma gramu arobaini na pointi kadhaa. Tukatazamana.

"Mwalimu," akasema, "uzito huu ungekuwa wa ile kitu yetu, mimi na wewe tusingekuwa tumekaa kwenye benchi hili."

Nikamwambia thamani yake iko kwenye mifereji: sindano inapita humo, inatetemeka, mtetemo unageuzwa kuwa sauti. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha, kabla sijanyoosha mkono, akawasha kile kimtungi cha gesi anachochomea zebaki, akagusisha ukingo wa santuri kwenye moto "tuone itatoa rangi gani". Ilitoa moshi na harufu ya kandambili. Bei hakupunguza, alisema vipimo vya maabara navyo ni gharama.

Tangu hapo santuri ile ina kovu mwanzoni mwa wimbo, sindano ikifika inaruka nyuma. Marijani anamwomba dada mmoja jambo, na kabla dada hajajibu anaanza kumwomba upya, na upya tena. Usiku mmoja jirani yangu aligonga dirisha kuuliza huyo dada anasubiri nini, maana yeye asubuhi anaingia duarani kuchimba na hajalala.

Lakini aibu kubwa niliipatia kwa mzee mmoja aliyekuwa katibu wa chama miaka ya 1970. Yeye hakuwa na mambo ya kuku wala mguu wa kitanda. Santuri yake ilikuwa safi, ndani ya bahasha ya kaki, katikati ya daftari la mihtasari ya vikao. Siku hiyo mchungaji alikuwa amepita kumsalimia na chai ilikuwa imeshamiminwa. Mzee akanipa niisome, macho yake hayaoni vizuri. Nikaisoma kwa sauti na matamshi kamili, kama ninavyowadai wanafunzi wangu: Koka Koka Sex Battalion.

Mchungaji akaweka kikombe chini.

"Hao ni Vijana Jazz!" mzee akadakia. "Bendi ya umoja wetu wa vijana. Kule Kenya walitokea kwa jina hilo."

Na ni kweli. Vijana Jazz wa Hemed Maneti walitoa nyimbo Kenya kwa jina hilo la kijeshi, na nina hakika halikupitishwa na kikao chochote. Bendi zetu zilikwenda Nairobi kwa sababu mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa huko. Nyumbani, Radio Tanzania iliwarekodi bure kwenye mikanda, wakasikika nchi nzima, ila mkanda wa redio huwezi kumpelekea mchumba. Nilianza kumweleza mchungaji haya yote, na jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa Februari 1977 na kufunguliwa tena 1983. Alinikatiza kwa upole.

"Kwa hiyo chama kilijua?"

Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alisema sasa ndiyo ameelewa kwa nini daftari hilo lilikuwa halikai na mengine. Santuri sikuuziwa siku hiyo. Ilichukuliwa na mama, na namna alivyoibeba sikuona busara ya kuuliza bei.

Mtambo wangu nao una tabia zake. Ni gramafoni ya zamani, inakula betri kubwa sita, na betri zikichoka haizimi, inazeeka. Kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani niliombwa niweke Mbaraka Mwinshehe. Alianza kijana, akafika ubeti wa pili ana miaka hamsini, na kwenye kiitikio Morogoro Jazz nzima ilikuwa inaimba kutoka chini ya shimo. Nilitaka kuzima. Wazee wakanikataza. Walikuwa wamesimama wanacheza, kwa madaha, hatua moja kila baada ya muda, na mmoja akasema huo ndio muziki, si huu wa siku hizi wa kukimbizana. Kijana mwenye nia njema akaenda dukani akaleta betri mpya. Katika kuzibadilisha aligusa kile kitufe cha mwendo kikaenda kwenye 78. Sauti ikatoka nyembamba, ya haraka, na shangazi mmoja aliyekuwa jikoni akapiga vigelegele akidhani kwaya ya watoto imefika. Ubwabwa wa kwaya ukapakuliwa. Kwaya hasa ilipokuja, sufuria ilikuwa imeoshwa.

Kuna jambo lingine la santuri hizi ambalo vijana wa simu hawalijui. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko sahani, kwa hiyo ulikatwa katikati: upande wa kwanza kisa, upande wa pili chemko. Ulicheza nusu, unageuza, unacheza iliyobaki, na anayegeuza alikuwa mtu muhimu kuliko bwana harusi. Sasa mimi nina santuri niliyoinunua kwa bibi mmoja njia ya kwenda Shelui, alikuwa anafunikia mtungi wa maji. Tundu la katikati alilichomeka gunzi la muhindi likawa mkono wa kushikia. Upande wa juu aliusugua kwa majivu kila asubuhi, kwa usafi wake, mpaka mifereji ikaisha na karatasi ya lebo ikatoka. Ya chini ilitolewa na unyevu. Upande wa pili umebaki mzima kabisa. Gitaa linaserereka, tarumbeta zinaitikiana, na mwanamume mwenye sauti nzuri anasema amemsamehe mtu. Anasamehe dakika tatu nzima. Kosa lenyewe lilibaki upande wa kwanza.

Nilirudi kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Umerudisha kifuniko changu?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza tu kama anaukumbuka wimbo. Anaukumbuka wote, akasema, aliununua kwa pesa ya vitunguu vyake. Mumewe, aliyekuwa kivulini anasuka kamba, akadakia kwamba yule mwanamke alitoroka na utingo wa lori. Bibi akasema hakutoroka, alifukuzwa na mama mkwe. Babu akasema mama mkwe hakukosea, utingo alikuwepo.

"Na wewe huyo utingo umemjuaje," bibi akauliza, "wakati kila ulipopigwa upande wa kwanza ulikuwa umelewa?"

Waliendelea, na mimi nikaandika, mpaka nilipogundua kwamba wimbo ulishaachwa nyuma kitambo na watu wanaotajwa ni wa Shelui, wengine bado wapo na mmoja ananidai. Nikafunga daftari. Babu akakumbuka mbuzi wake akaenda kuwahamisha kamba.

"Nitakuimbia," bibi akasema. "Lakini maji yangu yako wazi tangu uondoke."

Siku ya mnada nilinunua mfuniko wa plastiki, wa buluu, nikampelekea. Akaupima kwenye mdomo wa mtungi, akaugonga kwa kidole, akauliza kwa nini hauna mkono, akaukubali hivyo hivyo. Akaketi, akaimba. Kila kitu kilikuwemo. Mama mkwe akaingia na maneno yake, barua ikaandikwa, mwanamke akafunga mzigo akashika njia mpaka barabarani, lori likasimama, na utingo, kweli alikuwepo, akaruka chini akamfungulia mlango. Hapo bibi akanyamaza, akajifunga khanga upya.

"Halafu?" nikauliza.

"Mtungi wa pili nao hauna kifuniko," akasema.