GPA Haina Lumbesa

Ifakara hakuna anayedisko kimya kimya. Matokeo ya mwaka yalitoka asubuhi, na kabla ya adhuhuri dereva mmoja wa bodaboda pale Kibaoni alikuwa amekwisha kumpa pole kijana wa Lipangalala, tena kwa sauti iliyowafikia abiria wa bajaji zote zilizoegeshwa pale. Kijana mwenyewe alikuwa hajafungua hata mfumo wa matokeo. Alikuwa bado anatafuta bando.

Mji huu una sababu ya kuwa na masikio marefu katika mambo ya mitihani. Kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, kilicho chini ya SAUT na kinachofundisha udaktari. Kuna chuo cha afya cha TTCIH, kuna chuo cha uuguzi cha Edgar Maranta, na kuna chuo cha maendeleo ya wananchi. Mama mwenye vyumba vya kupangisha hahitaji kalenda ya chuo. Vyumba visipohamwa likizo ndefu, anajua ni msimu wa sapu, mitihani ya marudio, na anapandisha bei ya ndoo ya maji. Muulize ngazi za kuteremkia, atakutajia bila kukohoa: kwanza sapu, kisha keri, yaani somo unalolibeba mgongoni hadi mwaka unaofuata, kisha kurudia mwaka, na chini kabisa disko, kuondolewa chuoni.

Kijana wetu aliruka ngazi zote akatua chini. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha mkoa mwingine, ambacho hakitatajwa hapa, na familia haikuelewa kabisa ilikuwaje. Mtu amefaulu masomo matatu kati ya matano. Hata sapu asipewe?

Kikao kiliitwa jioni ile ile. Mwandishi wa makala haya aliitwa pia, kwa kuwa ndiye ndugu mwenye sifa ya kujua Kiswahili cha ofisini. Baba wa kijana ni mfanyabiashara wa mchele, mtu wa mizani, akataka apigiwe hesabu mbele ya macho yake. Ikapigwa nyuma ya daftari la mauzo. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni sifuri. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za somo, jumla hugawanywa kwa krediti zote. Kijana alikuwa na masomo mawili mazito ya krediti 12 kila moja; moja alipata D, jingine E. Matatu mepesi, ya krediti 8 kila moja, alipata B+, B na C. Jumla ya pointi 84, gawanya kwa 48: 1.75.

Kwenye vyuo kadhaa nchini mtu huhitaji GPA ya 2.0 ili aendelee, na aliyeshuka chini ya 1.8 kabla ya sapu haruhusiwi hata kuifanya hiyo sapu. Masomo mepesi hayakuweza kuyanyanyua yale mazito. Na kwa chuo hicho 1.75 haikuwa hata 1.75, kanuni zake hukata tarakimu ya mwisho badala ya kukadiria kwenda juu, kwa hiyo mfumo uliandika 1.7.

Baba alisimama. "Wanakata? Mimi mteja akija nampimia kilo, halafu naongeza kilemba juu. Gunia la huku linafungwa lumbesa mpaka Wakala wa Vipimo wanalia. Wao wanakata?"

Mama aliuliza kama kulikuwa na karatasi yoyote iliyosema hayo mapema. Ilikuwepo. Kijitabu cha kanuni za mitihani kijana alipewa wiki ya kwanza ya chuo, kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, siku ambayo alikuwa kwenye foleni ya usajili tangu alfajiri na akili yake yote iko kwenye kitanda cha bweni. Kilipatikana kabatini. Mama mwenyewe alikuwa ameandikia hesabu za kikoba nyuma ya jalada lake. Hapa lawama zigawanywe kwa haki: kijana hakusoma, lakini chuo nacho kilichagua siku nzuri sana ya kutosomwa.

Neno "rufaa" liliingia kikaoni kupitia kwa babu, na lilipoingia halikutoka tena. Babu alikuwa na kesi ya mfano. Oktoba 22, 1966, alisema, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Na wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata! Shangazi akaongeza wale wa stashahada maalumu ya ualimu pale UDOM, zaidi ya 7,000, waliofungishwa virago Mei 2016. Ilibidi mtu aseme kwa upole kwamba wa 1966 walifukuzwa na siasa, na wa 2016 walirudishwa nyumbani wakati walimu wao wamegoma. Hakuna kati yao aliyeondolewa na E ya krediti 12. Babu hakutikisika. Mwalimu, alikumbusha, alipowafukuza vijana alipunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Huyu mkuu wa chuo yeye amepunguza nini?

Ikabaki kutafuta sababu. Miaka ya nyuma wanafunzi wa bonde hili walikuwa matajiri wa sababu. Aliyetoka Mahenge au Malinyi alisema kivuko, na mhadhiri yeyote aliyewahi kuuona Mto Kilombero umefura alinyamaza. Kisha likaja daraja la mita 384, likazinduliwa 2018, na kisingizio kikazama na zama zake. Treni ya TAZARA bado huchelewa kwa uaminifu mkubwa, lakini inasaidia kueleza kwa nini umefika chuoni Alhamisi badala ya Jumanne, haielezi E. Mafuriko yapo, na mwaka mbaya ni janga la kweli kwa watu wa Ifakara na Mlimba. Bahati mbaya chuo cha kijana kilikuwa mlimani.

Baba mdogo akasema malaria.

Ifakara ni mji mbaya wa kusingizia malaria. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza hapa miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, chini ya Rudolf Geigy, na leo pale Kining'ina ina kituo kizima cha kuchunguzia mbu, wanaopimwa na kuhesabiwa kwa adabu zote. Watu wa hapa wamechomwa vidole kwa vipimo tangu utotoni. Hata hivyo kijana alipelekwa kwenye zahanati moja kuomba cheti cha kuonyesha kwamba aliumwa wakati wa mitihani. Tabibu alimtazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kula sapu mbili za anatomia.

"Mdogo wangu, mgonjwa wa Juni nitampimaje Septemba?"

Na hapo ndipo rufaa nyingi hufia. Karibu kila chuo kina fomu ya kuahirisha mtihani, karatasi ambayo kwa kawaida huombwa bure. Umeugua, umefiwa, ada haijakamilika kwa sababu mpunga haujauzwa: unaijaza kabla ya mtihani, au ndani ya siku chache, na cheti cha siku hiyo hiyo. Baada ya matokeo milango inayobaki ni myembamba: karatasi haikusahihishwa sawasawa, alama zilijumlishwa vibaya, utaratibu wa mtihani ulikiukwa. Umaskini wa familia haumo. Uzee wa babu haumo. Kijana, kumbe, aliumwa kweli siku ya somo lile la E, akaingia kwenye chumba cha mtihani anatetemeka kwa kuwa aliona aibu kwenda kusema. Hilo alilitoa usiku wa manane, kikao kimekwisha na chai imepoa.

Rasimu ya barua iliandikwa kwa mkono, nusu ukurasa, ikiomba karatasi mbili zisahihishwe upya. Ikapelekwa steshenari ikachapwe. Fundi wa steshenari ana busara za kazi yake: haanzi barua kutoka mwanzo, huchukua faili la mteja aliyetangulia na kubadilisha majina. Mteja aliyetangulia alikuwa na mgogoro wa shamba. Barua ikatoka safi kabisa, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", aya ya kwanza sawa, aya ya pili sawa, na mwishoni sentensi ambayo hakuna aliyeiona hadi nakala iliyogongwa muhuri iliporudi: mlalamikaji anaomba mpaka upimwe upya mbele ya mashahidi.

Baba mdogo alijitolea kuipeleka kwa mkono, akabeba na kilo 20 za mchele wa Ifakara, ule wenye kunukia ukiwa bado jikoni. Alisema ni wa kuonana nao tu. Mlinzi wa getini alimpokea kwa shikamoo, akaipokea barua, akautazama mfuko, kisha akamwonyesha bango la TAKUKURU lililobandikwa juu ya kichwa chake na kumwuliza kama mzee anapenda kulisoma mwenyewe au asomewe. Mchele ulipikwa kwa mwenyeji wake usiku ule, na ripoti iliyoletwa nyumbani ilikuwa kwamba ulipokelewa vizuri.

Wakati wa kusubiri, kijana alipiga hesabu nyingine. Bumu la Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku, za chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23, limekatika. Deni la miaka miwili liko pale pale, limefungwa kwenye namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, namba ambayo ataendelea kuitwa kwayo popote atakapoomba.

Majibu yalikuja Novemba, trekta zikiwa zimeanza kushuka mabondeni. Kamati ilikubali ombi na kusahihisha upya. Somo la D limebaki D. Somo la E limebaki E. Katika kukagua jalada zima, hata hivyo, ilibainika kosa la kujumlisha kwenye lile somo la C: alama 41 zilipaswa kuwa 39. Sasa ni D, na GPA ni 1.5. Muombaji anaruhusiwa kuomba udahili upya, kuanzia mwaka wa kwanza.

"Wamepima upya," baba alisema taratibu, "wakakwangua na kilichokuwepo."

Chini ya sahihi kulikuwa na mstari mmoja zaidi: ada ya rufaa hairudishwi. Baba mdogo aliusoma mara mbili, akavua miwani, akamgeukia mwandishi.

"Na hii ya mwisho, tunaikatia rufaa kwa nani?"