Namna ya Kufikisha Faiba Nyabibuye Bila Kugombana na Barabara

Rudisha sururu stoo. Najua mafundi wameshanunua buti na mwenye duka pale senta anakuuliza kila asubuhi intaneti inakuja lini. Asubiri kidogo. Faiba huchimbiwa ofisini kwanza, porini baadaye.

Anza kwa kujua uko wilaya gani. Watu wamezoea kuitaja Nyabibuye, kata ya mkoa wa Kigoma, pamoja na Kibondo, lakini tangu 2012 Kakonko ni wilaya inayojitegemea na kata hiyo iko kwake. Barua ikielekezwa Kibondo itasafiri bure.

Leseni hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, kwa ngazi: kimataifa, taifa, mkoa, wilaya. Wewe mdogo omba ya wilaya. Ila angalia: kumiliki miundombinu ni leseni moja, kumuuzia mtu intaneti ni nyingine. Anayetaka mtaro uwe wake asijaze fomu ya muuzaji peke yake.

Sasa njia, na hapa ndipo miradi hufia. Itembee yote kwa miguu, na kila kipande ulize: hii barabara ni ya nani? Barabara kuu itokayo Nyakanazi kupita Kakonko, Kibondo hadi Kasulu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hifadhi yake kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukichepuka kuelekea vijijini unaweza kuingia kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017. Mtaro ni mmoja, wa kuombwa ni wawili, na kila mmoja anataka mchoro wake. Mpe mzuri: kina, kalavati, mahali pa kuvukia.

Utashawishika kutundika waya kwenye nguzo za umeme za TANESCO. Kibali kinahitajika huko pia, na kiangazi watu wakichoma nyasi, waya iliyoning'inia chini huyeyuka. Mimi ningefukia. Kwa hiyo hesabu kinyumenyume: uchimbe kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa mkavu, na karatasi zako ziwe zinazunguka maofisini wakati wa mvua.

Kabla ya kamba ya kupimia kugusa shamba la mtu, piga hodi kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999. Mihogo na migomba itakayoguswa iandikiwe makubaliano ya fidia, yasainiwe, mwenye shamba abaki na nakala. Huyo ndiye atakayekupigia simu waya ikikatika.

Na ninyi TANROADS na TARURA, tunawaomba: kila barabara inapojengwa, lazeni bomba tupu chini yake penye makutano. Bomba la plastiki ni bei ndogo. Kukata lami mpya kunaziua kampuni ndogo kabla hazijamuunganisha mteja wa kwanza.