Karoti Viganjani, Ndimu Shavuni

Katika nyumba moja ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam, vyumba vinatazamana na uani kuna bomba moja. Habari yoyote ya urembo ikiingia kwenye simu ya mpangaji mmoja, hufika bombani kabla ndoo ya pili haijajaa. Ndivyo ilivyofika habari ya karoti.

Aliyeipokea kwa moyo wote ni mwalimu wa chekechea wa chumba cha mbele. Alisikia kwamba karoti hung'arisha ngozi, jambo lenye chembe ya ukweli, naye akaamua kuimaliza chembe yote peke yake. Asubuhi juisi ya karoti. Mchana karoti mbichi za Lushoto, akizitafuna huku anasahihisha madaftari. Jioni papai, na ugali ukapewa likizo bila malipo. Baada ya wiki kadhaa, watoto ndio walioona. "Mwalimu, umeshika manjano?" Akanawa. Akanawa tena kwa sabuni ya mche. Viganja vikabaki vya njano, na nyayo nazo vilevile.

Mtaa ulikwisha kumpa ugonjwa wa ini kabla hajafika zahanati. Huko muuguzi wa makamo aliitikia shikamoo yake, akamvuta kope la chini, akachungulia.

"Macho meupe pe, mwanangu. Manjano ya ini yangeonekana humu. Unakula nini siku hizi?"

"Karoti."

"Na nini?"

"Na papai."

"Na nini tena?"

Mwalimu akafikiri sana. "Na viazi lishe."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa anasubiri sindano nje akachungulia mlangoni.

Beta-karotini ndiyo inayovipa rangi karoti, viazi lishe na mafuta ya mawese, na imo pia katika papai na embe. Mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja tu. Inayozidi hukaa kwenye mafuta ya mwili na kwenye tabaka la juu la ngozi, na huonekana zaidi pale ngozi ilipo nene, yaani viganjani na nyayoni. Haidhuru, ukipunguza ulaji, rangi hutoka taratibu, kwa wiki au miezi. Ikiwa kiasi, hata inapendeza: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskochi, waliripoti walivyofuatilia watu 35, wengi wao wazungu, kwa wiki sita. Walioongeza matunda na mboga, rangi ya ngozi zao ilisogea kidogo kwenye unjano na wekundu, na watu walioonyeshwa picha za rangi hiyo waliiona kuwa ndiyo ya mwenye afya. Kidogo, lakini. Mwalimu alikuwa amepitishwa kituo, na konda hakusema neno.

Chumba cha pili anakaa fundi friji, kijana mwenye chunusi shavu la kushoto. Yeye alishika habari ya vitamini C. Nayo ni kweli tupu: bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutengeneza vizuri kolajeni, protini inayoishikilia ngozi. Mabaharia wa zamani walijua hilo kwa uchungu. Walipokaa miezi baharini bila matunda, kiseyeye kiliwavujisha damu kwenye fizi na kuwafumua makovu yaliyokwisha pona. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli ya Kiingereza HMS Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili: hawa siki, wale maji ya bahari, na wengine vitu vingine vya kutia huruma. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu ya haraka.

Tuelewane hapa: Lind aliwalisha. Hakumpaka mtu.

Fundi alikamua ndimu, akachovya vidole vinne, akajipangusa shavuni, halafu akaenda zake Coco Beach kula mihogo, Jumapili ya jua kali. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikipigwa na miale ya jua juu ya ngozi, huiunguza. Ubaya wake hazitoi taarifa siku ileile. Siku moja au mbili baadaye ndipo ngozi inapowaka, pengine na malengelenge, kisha hubaki doa jeusi ambalo huweza kudumu kwa miezi. Basi fundi akaingia kijiweni akiwa na michirizi minne ya vidole shavuni. Alipoapa kwamba ni ndimu iliyomfanya vile, wenzake walimpa pole, wakamwuliza Ndimu ni binti wa nani.

Wakati huo mpera wa uani ulikuwa unadondosha mapera chini, yakiliwa na watoto na kunguru. Gramu kwa gramu, pera lina vitamini C mara nne hivi ya ile ya chungwa.

Mzee mwenye nyumba mambo ya ndimu hayajui. Yeye ni mtu wa mayai mabichi, anayameza na kujipiga kifua. Ute mweupe wa yai bichi una avidini, inayoing'ang'ania vitamini iitwayo biotini tumboni isimfae mlaji. Mwenye kuendekeza mayai hayo kwa muda mrefu huweza kupata vipele na kunyonyoka nywele. Yai likipikwa, neno hilo limekwisha. Mzee alielezwa, lakini hana nywele za kumtia hofu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mtaalamu hasa wa ngozi pale mtaani ni mama lishe wa kona, ingawa hana kioo wala kiti cha kuzunguka. Vitamini iitwayo niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa, mwili huipata kwa shida, na anayeishi kwa mahindi matupu hupata pelagra: ngozi inayopigwa na jua huwa nyeusi na kubambuka, hata ikazunguka shingo kama mkufu. Ugonjwa huo uliwasumbua sana maskini wa kusini mwa Marekani, na wengi waliamini unaambukiza. Daktari Joseph Goldberger alikataa. Mwaka 1916 yeye, mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa; halafu wanaume wakameza vidonge vilivyotiwa magamba ya ngozi ya wagonjwa, na kinyesi chao. Hakuna aliyeugua. Kilichokosekana kilikuwa mezani. Kwa hiyo mtu anayenung'unika kwamba dagaa wa mama lishe wana mchanga angeomba kwanza aonyeshwe vidonge vya Goldberger. Dagaa, karanga na maharage ndio walinzi wa ngozi ya mla ugali.

Mpangaji mpya, msichana wa chuo, hajafika huko. Alinunua parachichi kubwa la Njombe, akaliweka dirishani liive apate kujipaka usoni. Mama mwenye nyumba alilibonyeza akaliona tayari, akalikatia kwenye kachumbari ya nyanya na karoti. Hakusoma popote kwamba karotenoidi, kama ile beta-karotini ya karoti, hufyonzwa vizuri zaidi zikiliwa pamoja na mafuta, na kwamba parachichi limejaa mafuta hayo. Alikuwa na njaa tu. Msichana akatoka na taulo kichwani na bakuli mkononi.

"Shikamoo mama. Hujaliona parachichi langu?"

"Marahaba. Kalete sahani, mwanangu. Na pilipili, kama unayo."