Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ajira, Nakala Kumi

KWA: Kamati ya Ajira, Chuo Kikuu cha Umma (jina limehifadhiwa, nafasi bado haijajazwa)

KUH: MAKOSA YA WAOMBAJI WA KAZI YA UHADHIRI

Kamati tukufu,

Malalamiko ya Kamati yamefika hadi kwenye kibanda cha fotokopi kando ya lango kuu: waombaji wa siku hizi hawajui kuomba kazi. Nafasi moja ikitangazwa, bahasha za kaki hujaa sakafuni kwa msajili, na makosa yaliyomo ni yale yale ya mwaka jana. Barua hii haikuja kubisha. Imekuja kukiri kwa niaba ya mkosaji, ambaye humu ataitwa Mwombaji tu, maana jina lake Kamati hulikosea herufi kila mara.

Ushahidi upo. Saa mbili usiku, siku moja kabla ya tangazo kufungwa, Mwombaji yuko saiba akiifufua barua aliyokipelekea chuo kimoja cha Bonde la Ufa mwezi Machi. Anabadilisha tarehe. Anabadilisha anwani. Aya ya tatu inamponyoka, ile ambamo anaapa kwamba tangu utotoni ndoto yake ni kufundisha karibu na mashamba ya ngano. Bahasha inaelekea Kilifi.

Wasifu wake una kurasa 19. Unaanza na dini, hali ya ndoa na alama za mtihani wa shule ya msingi (KCPE), unapitia kozi ya kompyuta ya wiki mbili, na kile ambacho Kamati inakitafuta, yaani alichofundisha, anachokitafiti na alichochapisha, kimejificha ukurasa wa 14, baada ya uenyekiti wa klabu ya mazingira. Tangazo lilidai vyeti vyote na maelezo yote. Naye akaelewa kwamba yote ni yote. Miongoni mwa wadhamini wake yumo profesa mstaafu ambaye hakuulizwa kama yuko radhi. Alipopigiwa simu, mzee alijibu, “Yupi huyo?”

Kosa kubwa zaidi ni la ukimya. Kozi anayoomba kuifundisha, Mwombaji ameifundisha akiwa mhadhiri wa muda, katika idara hiyo hiyo, miaka sita. Barua yake haikugusia jambo hilo hata kwa sentensi moja, akidhani Kamati inamjua. Kamati haimjui. Inayomjua ni ofisi ya fedha, ambayo bado inatafuta karatasi za malipo yake ya muhula wa juzi.

Lakini upande wa vyeti, Mwombaji hana doa. Kwa kuiheshimu Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010, ile ya uongozi na maadili, amepanga foleni akapakwa wino vidoleni ili apate cheti cha maadili mema cha idara ya upelelezi, DCI, shilingi 1,050 kupitia eCitizen. Ana karatasi ya KRA kuhusu kodi, ya EACC kuhusu uadilifu, ya HELB kuhusu mkopo wa masomo, na ya shirika la taarifa za mikopo kuhusu madeni mengine yote. Asiye na kazi athibitishe kwamba analipa deni, ndipo afikiriwe kupewa kazi ya kulilipa.

Hapa Kamati inastahili pongezi. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, ikamzuia mwajiri kudai vyeti vya namna hiyo isipokuwa anakusudia kuingia mkataba wa maandishi na mhusika. Kwa kuwa Kamati haiwezi kuvunja sheria, na imevidai vyeti hivyo kwa kila aliyeomba, maana yake ni moja: inakusudia kuwaajiri wote. Waombaji wamepokea habari hiyo kwa furaha na wanauliza ofisi zao ziko jengo gani.

Yapo machapisho pia. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) vya mwaka 2014 viliyahesabu kwa pointi, na Kamati, kwa uaminifu, huyapima kama karafuu kwenye mizani. Mwombaji naye akajifunza kuongeza uzito. Alipata baruapepe kutoka kwa jarida lililomwita “mtafiti mashuhuri”, akatuma makala na ada, na baada ya siku nne makala ikakubaliwa bila koma kuguswa.

Kamati isimcheke kabla ya kumkumbuka mtaalamu mmoja wa Asmara. Mwaka 2013, mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani inayotokana na kuvumwani, akaijaza makosa ya wazi, kisha akaisambaza kwa majarida 304. Mmoja wa waandishi aliowabuni ni Ocorrafoo Cobange wa Taasisi ya Tiba ya Wassee, Asmara. Hakuna mtu huyo, wala taasisi hiyo. Majarida 157 yaliikubali makala. Kwa mizani ya Kamati, Cobange angeingia mahojiano kama mhadhiri na kutoka profesa kamili. La kumwangusha ni cheti cha maadili mema tu, kwa kukosa vidole.

Mwenzake wa Tanzania anayeomba kwenye chuo cha umma hupakia vyeti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, akalala. Wa kwetu hupiga chapa. Nakala kumi, kila moja na mhuri wa wakili, zikabanwa mgongo kwa plastiki nyeusi. Fundi wa fotokopi hufahamu kabla ya mkuu wa idara ni nani ameomba nini, na ndiye pekee aliyewahi kuusoma ukurasa wa 14.

Barua hii inawasilishwa kwa mkono, ndani ya bahasha iliyofungwa, nambari ya nafasi ikiwa pembeni juu kushoto kama ilivyoagizwa. Iwapo Kamati itaijibu au haitaijibu, Mwombaji ameshaelewa sentensi ya mwisho ya tangazo: watakaoteuliwa pekee ndio watakaoarifiwa. Ile inayokataza kuwashawishi wanakamati hakuielewa vizuri, kwa hiyo amemwomba binamu wa Mwenyekiti amfafanulie.

Wako mtiifu,
Mwombaji (mhadhiri wa muda)

Viambatanisho: nakala tisa za barua hii, risiti ya fotokopi, na aya ya tatu iliyosahihishwa: ndoto yake tangu utotoni ilikuwa minazi.