Mama Mkwe Bafuni

Mama mkwe alifika Buswelu kutoka Kwimba na kuku wawili, fuko la michembe, na baridi ya safari. Asubuhi yake mke wangu akabandika sufuria la maji ya kumwogesha. Nikamzuia. Nimejenga, nimefunga shawa ya umeme, halafu mkwe wangu aoge kwa kopo?

Ni ile shawa ya plastiki inayokaa mwishoni mwa bomba, ya wati 5,500. Haitunzi maji popote; yanapita kwenye koili na kukuangukia hapo hapo. Ndani mna kisahani cha mpira. Maji yakija na msukumo wa kutosha, kisahani kinasogea na umeme unawaka. Yakilegea, kinarudi na umeme unakatika. Fundi alinieleza yote haya siku ya kufunga, mimi nikiwa nahesabu bei ya ule waya mnene.

Kumbe kilichokuwa muhimu ni kile nilichokuwa sisikilizi. Ukishaweka kitufe kwenye "moto", moto ni ule ule mmoja, na maji ndiyo yanayougawana. Yakipita lita 3 kwa dakika, yanapanda digrii 26 hivi. Yakipita lita 6, hayafiki hata 14. Kwa hiyo ukisikia baridi, unapunguza maji, huongezi. Mweleze mtu hivyo akiwa na povu machoni. (Zipo mashine za bei mbaya zinazopima maji na kujirekebisha zenyewe. Yangu haikusoma kufika huko.)

Na tenki letu liko juu ya kimnara kifupi, bomba moja linalisha bafu, jiko na koki ya uani. Anayefungua koki yoyote anamwogesha mwenzake bila kujua.

Mama akaingia. Mimi nikakaa uani, mbali, chini ya mwembe, kama mkwe mwenye adabu. Kwetu mama mkwe unamsalimia ukiangalia chini. Mwanangu akafungua koki ya jikoni aoshe kikombe cha uji.

"Mayo wee! Naungua!"

"Mwambie afungue zaidi," nikamnong'oneza mke wangu.

"Mama, fungua zaidi!"

Wakati huo huo jirani, tuliyemruhusu achote, akafungua koki ya uani. Msukumo ukaisha, kisahani kikarudi.

"Sasa ni ya kisimani!"

"Mwambie afunge, kisha afungue tena."

"Baba Neema anasema ufunge, kisha ufungue tena!"

Bafuni kukawa kimya. Nadhani hapo ndipo mama alipotambua kuwa mkwe wake ndiye anayesimamia kuoga kwake. Jirani alishajaza ndoo yake, akafunga, na moto ukarudi wote kwa mpigo. Ukelele uliofuata ulisikika hadi kwenye mawe ya juu, nikaondoka uani kwenda kutazama kitu ambacho hakikuhitaji kutazamwa.

Alipotoka alisema tu, "Wabeja," akaenda kuota jua.

Kesho yake niliamshwa na sauti yake ikitoka bafuni.

"Fungua kidogo! Kidogo! Hapo hapo, usiguse!"

Mjukuu alikuwa amesimama kwenye sinki la jikoni, mkono kwenye koki, uso wa kazi. Maji yakipoa bibi anaagiza afungue, koki ya jikoni inapunguza ya bafuni, joto linapanda. Yakizidi moto anaagiza afunge. Mwezi mzima nimeoga nikipigana na kile kitufe. Bibi wa Kwimba alihitaji usiku mmoja na mtoto mmoja. Akaoga dakika 15 akiimba, uniti moja na ushee ya LUKU ikiteketea, na hakuna aliyethubutu kugonga mlango.

Zamu yangu ikafika. Nikafungua, nikajipaka sabuni mwili mzima, maji yakawa ya baridi.

"Fungua kidogo!" nikaita.

Kimya.

"Mwanangu! Koki!"

"Kashaenda shule," akajibu mama mkwe kutoka jikoni, taratibu, kwa heshima zote. "Nikufungulie mimi, baba?"