Wosia wa Norman

Mwaka 1987, televisheni ya NBC ya Marekani iliitazama Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya 1960, ikaona kasoro moja: inatisha mno. Dawa ikawa Bates Motel, filamu ya majaribio iliyotarajiwa kuzaa tamthilia ya televisheni. Humo Norman Bates, muuaji wa Psycho, anafia hospitali ya vichaa na kumrithisha gesti yake mwenzake wa wodini, Alex West, aliyeigizwa na Bud Cort. Tazama mtu: kamuua mama yake, kaihifadhi maiti nyumbani, lakini mirathi kaipanga vizuri kuliko wengi wetu wenye akili timamu.

Basi Alex anakwenda wapi? Benki, kuomba mkopo wa ukarabati! Kisu cha bafuni cha Psycho kimestaafu, sasa tutetemekee marejesho. Mizimu imo, ila ya ushauri nasaha: inamsihi mgeni aliyekata tamaa asijiue. Na zimwi la bibi linalowatia watu kiwewe? Ni meneja wa benki, kajifunika nguo za kike.

Anthony Perkins, Norman wa asili, aliikataa kazi hiyo. Tamthilia haikuzaliwa. Mwaka 1990 Perkins akarudi katika Psycho IV, Norman mzima wa afya, na mkewe mjamzito.